Kamati ya Kesi ya Byera

Springfield, Virginia
12 Machi 2006

Dada yangu Genoveva,

Pokea salamu za mdogo wako Laurean, mtu aliyepika kwenye meli za Wagiriki, akalala Marseille, akafukuzwa Hamburg, na sasa anaendesha teksi uwanja wa ndege wa Dulles kama vile yeye ndiye aliyeujenga. Mimi mzima. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Teksi mpya ni ya kijivu, viti vya ngozi, na abiria wengine huniuliza kama ni gari la balozi. Huwa sikatai.

Vipi Kashozi? Kahawa imechanua? Mwanao Kaijage ameacha ile pikipiki au bado anaipenda kuliko mkewe? Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Dada, kadi ya simu hukatika pale hasa mazungumzo yanapoanza kunoga. Barua haikatiki. Tena nikikuandikia nakuona kabisa, umenigeuzia mgongo jikoni, unamenya ndizi, unaniambia niache uongo.

Sasa nikae sawa. Habari ni za Byera, mwanao, ambaye ni wangu pia kwa sababu ulinikabidhi angali na soksi za shule, na nikamlea na chapati za kuungua.

Unajua tangu apate uwakili kazi yake ilikuwa kukaa chini ya jengo kubwa mjini, pasipo dirisha, anasoma makaratasi ya kesi ambazo wengine walikwenda kuzisemea kwa jaji. Baadaye akapata ofisi ndogo huku Alexandria. Nako bosi akawa anamwambia, "Wewe andaa, mimi nitasema." Byera anaandaa, bwana anasema. Kisa eti Kiingereza cha mtoto kina lafudhi. Na huyo bwana mwenyewe anaongelea puani.

Basi Byera ameleta kesi yake mwenyewe. Ni ya wale dada na kaka zetu wanaolea wazee, Wakenya, Watanzania, Wakongo. Kampuni moja huwalaza kazini. Usiku kucha wanageuza wazee na kubadilisha mashuka, halafu saa hizo hazilipwi, eti walikuwa wamelala. Wote wamemfuata Byera kwa sababu wanaweza kumweleza kwa Kiswahili bila kuona haya. Lakini kesi ya namna hiyo inakula fedha mwaka hadi mwaka, na ile ofisi haina.

Hapo ndipo nilipomleta Bwana Wayne. Ndiyo, mimi. Ni mzee, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Washington yenyewe. Yeye na wenzake kazi yao ni kugharamia kesi za watu. Mkishindwa, hasara ni yao. Mkishinda, wanachukua sehemu. Nilimpakia Dulles, nikamweleza habari za Byera njia nzima, na foleni ilikuwa nzuri, haikusogea. Naye akaniambia ujanani alikuwa wakili, na kwa miaka wenzake walikuwa wakimpa mikoba yao awashikie mlangoni. Kwa hiyo ana sharti lake: fedha inaingia tu kama wakili aliyeileta kesi, yule ambaye siku zote hukaa nyuma, ndiye atakayesimama mbele ya jaji. Asiposimama Byera, fedha inaondoka.

Bosi ametia saini amekunja uso kama aliyemeza kwinini. Lakini ametia. Dada, mtoto wetu atasimama.

Kuna siku niliandikiwa faini ya kuegesha gari vibaya, Byera bado na sketi ya shule. Akanivuta mpaka dirisha la kulipia faini, akamsomea karani kile kibao cha barabarani neno kwa neno mpaka karani akachoka akaichana karatasi. Tulirudi tunakula aiskrimu. Siku zile alikuwa anacheka na mdomo wote. Nilijua tangu siku ile, na nimekuwa nikiwaambia abiria.

Ni mimi mdogo wako asiye na mfano,
Laurean


Kashozi, Bukoba
23 Aprili 2006

Mdogo wangu Laurean,

Barua yako imefika, ina alama ya kikombe cha chai ya mtu fulani wa posta. Sisi hatujambo. Kahawa imechanua, harufu inaingia mpaka chumbani. Kaijage hajaacha pikipiki. Mkewe ndiye amejifunza kuiendesha. Ma Leokadia anasikia kwa sikio moja, akaniagiza nikuulize kama umeoa. Nimemwambia achague swali jingine.

Habari ya Byera nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Nimefurahi. Pia nimeogopa kidogo, acha nikueleze.

Unamkumbuka baba alipokuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo. Alikuwa akirudi jioni, anavua kwanza kiatu cha kulia kwa sababu kilimbana, anatusimulia nani kashinda. Nilimwuliza mara moja anajuaje nani anasema kweli. Akasema hajui, anasikiliza mpaka njaa imuume. Sisi tukacheka, mama akamgombeza. Lakini Laurean, mimi nilikuwa nikimpelekea chakula pale, na sikumbuki mtu wa Kashozi aliyekwenda mahakamani peke yake. Hata aliyeiba mkungu wa ndizi alisindikizwa na ukoo, na wengine walikuja na kahawa ya kutafuna kwa sababu walijua watakaa.

Byera ana nani nyuma yake huko? Mzee mmoja mwenye fedha, mgeni kwetu. Ninamshukuru, ila simjui. Usimwache mtoto aonekane hana watu.

Chumba chake nimekipaka chokaa upya. Sijui kwa nini. Kilikuwa kichafu.

Mvua inanyesha juu ya bati na mimi naandika kwa kupapasa. Wasalimie wote wanaokuvumilia.

Dada yako,
Genoveva


Springfield
18 Juni 2006

Dada Genoveva,

Mimi mzima na ninang'aa. Natumaini nawe uko hivyo, na Ma Leokadia mwambie wachumba wamejaa, tatizo ni ratiba yangu.

Uliniandikia nisimwache mtoto aonekane hana watu. Je, mimi ni mtu wa kuambiwa mara mbili? Nimeunda kamati. Mwenyekiti ni mimi, nilijichagua kwa kura nyingi. Katibu ni Cheruiyot, kijana wa Kericho anayelea wazee huko Herndon. Mhazini ni Bi. Mwanamwema wa Unguja, kwa sababu hata senti ikidondoka yeye huisikia. Tukachapisha kadi za mchango kama za harusi kabisa. Mchapishaji alikuwa na picha moja tu, pete mbili na njiwa. Tukasema weka hivyo hivyo, juu andika: Kamati ya Kesi.

Dada, ungeona ule ukumbi wa Woodbridge. Ni wa kanisa, lakini Bi. Mwanamwema alisema akipika yeye pilau patakuwa pa wote. Walikuja wenye kesi na wasio na kesi. Bilha, mama mmoja wa Nyeri ambaye ndiye shahidi wa kwanza wa Byera, alikuja moja kwa moja kutoka kazini na sare yake, viatu mkononi. Nikashika kipaza sauti. Unajua nikikishika. Nikaita jina moja moja, na kila anayetoa anacheza mpaka mezani, na watu wanampigia vigelegele. Cheruiyot akacheza na mguu wenye bandeji. Mkongo mmoja akaimba kwa Kilingala na wote tukaitikia bila kujua tunaitikia nini.

Nikawakumbuka watu wa kwetu, dada. Nilikumbuka harusi yako, rubisi ya ndizi kwenye mitungi, mama anapita na ungo wa kahawa, na baba amekaa na kile kiatu amekivua chini ya meza akidhani hatumwoni. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na kwa muda nikakosa la kusema. Wakadhani betri imekwisha.

Byera mwenyewe hajui. Nimemficha ili iwe zawadi. Yuko na karatasi zake usiku na mchana, na ile kampuni imeajiri mawakili wa kujaza basi. Jumamosi nitampelekea mchango kwenye bahasha, na kadi ya kwanza nimeitia fremu. Bwana Wayne ameweka chake, na sisi tumeweka chetu. Sasa aseme mtu kwamba Byera hana watu.

Mwenyekiti,
Laurean


Springfield
10 Septemba 2006

Dada,

Sijapata jibu lako, labda posta. Mimi sijambo.

Joto limepungua. Majani bado hayajageuka rangi lakini asubuhi unasikia yanafikiria. Nimebadilisha tairi mbili. Nimeota niko kwenye meli ya kwenda Mwanza, lile daraja la tatu, tumelala juu ya magunia, na wewe umenifunga kamba kiunoni nisidondoke ziwani, upande wa pili umejifunga mwenyewe. Nadhani nilikuwa na miaka sita. Kamba ile ilikuwa ya katani, ilikuwa inawasha.

Byera hajambo. Ana kazi nyingi ndiyo maana hapiti kwangu Jumapili. Chakula nakipika kile kile, halafu nakula siku mbili. Kesi inaendelea. Mambo ya mahakama huwa na taratibu zake, huwezi kuyaeleza kwenye barua.

Kile ulichokuwa ukitia kwenye maharage, ni karanga au ni samli? Nimejaribu vyote.

Laurean


Kashozi
8 Oktoba 2006

Laurean,

Sisi wazima. Nilikuwa nimenyamaza, si posta.

Ni samli, na karanga kidogo mwishoni.

Byera alinipigia simu tangu mwezi wa saba. Hakulia, ndiyo maana niliogopa. Nilingoja uniambie mwenyewe. Umeniandikia tairi na majani, ukaniandikia na ndoto. Ndoto ni nzuri, nimeisoma kwa sauti na Kaijage amesikia. Lakini kile kingine kiko wapi?

Sikuandikii ili nikugombeze. Aliyekwambia mtoto asisimame peke yake ni nani, kama si mimi? Mimi ndiye niliyeitaka kamati, wewe ulishika kipaza sauti tu. Sasa niandikie kama mtu mzima. Amesema jaji atakuita. Vaa suti, na usimwambie jaji habari za Hamburg.

Genoveva


Springfield
5 Novemba 2006

Dada yangu,

Nakusalimu, na ninaandika kama mtu mzima, ingawa kazi hiyo sijaizoea.

Ilikuwa hivi. Nilipeleka bahasha Jumamosi ile. Byera aliifungua, akaona kadi yenye njiwa, akakaa kwenye ngazi. Akaniuliza, "Mjomba, nani amechanga?" Nikamtajia wote kwa furaha. Akauliza, "Bilha naye?" Nikasema Bilha alicheza kuliko wote. Akasema rudisha leo. Mimi nikasema wewe mtoto, mchango haurudishwi, utawatukana watu. Nikaiacha mezani nikaondoka naendesha huku naimba. Kabla hajajua aifanyeje, mawakili wa kampuni wakamhoji Bilha chini ya kiapo. Wakamwuliza kama kuna mtu alimhusisha na fedha za kesi hii. Naye, kwa kuwa ni mkweli na alijivunia, akatoa kadi yake kwenye mkoba akawaonyesha.

Wakaruka juu. Wakamwambia jaji kwamba mashahidi wamenunua hisa kwenye kesi, kwa hiyo ushahidi wao ni biashara. Bwana Wayne naye akasema mkataba wake hauruhusu fedha ya mtu mwingine iingie bila yeye kujua. Yule bosi wa puani akapata nafasi. Akasema basi Byera arudi nyuma, kuna kijana mrefu pale ofisini atasimama. Bwana Wayne akajibu kwamba akisimama mrefu, yeye anafunga mfuko. Na mfuko ukifungwa, dada, kesi yenyewe imekwisha, na wale mama watabaki na usiku wao.

Byera hakunifokea. Ameacha tu kunipigia.

Nikaitwa. Jaji ni mama wa makamo, miwani kwenye mnyororo. Walitaka kunipa mkalimani, nikakataa, nikawaambia nimeongea Kiingereza na mabaharia wa nchi zote. Akanyanyua kadi.

"Bwana, hii ni ya harusi?"

"Ni ya kesi, mheshimiwa. Mchapishaji alikuwa na njiwa tu."

"Waliotoa wanatarajia kupata nini?"

"Walishapata. Pilau na muziki."

"Nauliza baadaye, kesi ikishinda."

"Baadaye mimi nitakwenda kwenye zao."

"Kesi zao?"

"Kesi, harusi, msiba. Lolote litakalowapata. Mtu akichanga hapati sehemu, mheshimiwa. Anapata watu."

Wakili wa kampuni akauliza, akitabasamu, kama kuna mahali limeandikwa hilo. Nikamwambia ndugu yangu, kama lingekuwa linaandikwa lisingekuwa na maana. Jaji akatazama dari kwa muda mrefu. Nilidhani anahesabu miaka yangu ya jela.

Akaamua hivi: sioni mtu aliyenunua kitu hapa. Lakini sharti kila aliyetoa arudishiwe chake chote, na athibitishe amepokea na hadai lolote, kabla Januari haijaisha. Ikifanyika, Byera abaki mbele. Isipofanyika, akae pembeni. Bwana Wayne akakubali hivyo hivyo.

Nikadhani ni kazi ya siku mbili. Dada, hawapokei. Nilikwenda kwa Bilha nikasimama mlangoni na bahasha. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Mzee, kwani bibi harusi ametoroka?"

"Hakuna bibi harusi, Bilha, ni jaji."

"Kwetu mchango hurudishwa ukiwa umefukuzwa kwa hiyo nyumba. Mimi nimewakosea nini?"

Cheruiyot akasema, "Unataka watu waseme sikuchanga? Na mguu wangu ule ulivyoniuma?" Bi. Mwanamwema hata mlango hakufungua wote. "Ami, mie nimetoa mbele za watu. Nikipokea, nitapokea mbele za nani?" Nikawaeleza sheria. Wakasema sheria wanaiheshimu, lakini aibu ni aibu.

Nina bahasha zote ndani ya gari. Naendesha nazo kutwa. Sijui la kufanya, na hilo sijawahi kukuandikia tangu nizaliwe.

Laurean


Kashozi
3 Desemba 2006

Laurean wangu,

Nimeiona barua yako na nimecheka pale kwa jaji. Tuko salama. Senene wameanguka wengi mwaka huu, ukuta wa misheni umekuwa wa kijani. Watoto wanawakusanya kwa ndoo, na nimewakumbuka wewe na genge lako, ulivyokuwa mwenyekiti wao, na ulivyokuwa hukamati hata mmoja.

Sikiliza. Unakosea kwa kusimama mlangoni. Anayesimama mlangoni na fedha mkononi ni mdai au mdaiwa. Unakumbuka harusi ya binti wa Ta Rugaimukamu ilipovunjika? Vitu vilirudishwa vyote na hakuna aliyenuna. Mama ndiye aliyewaelekeza. Yule binti mwenyewe alizunguka nyumba kwa nyumba, si baba yake wala mjomba. Aliingia, akakaa, akafungua alichokuja nacho, wakala pamoja, wakaongea habari nyingine kabisa. Wakati wa kuondoka akaacha kile kitu juu ya mkeka, akasema asante, mlinishika. Akaenda zake. Nani atasema amefukuzwa na mtu aliyetoka kula naye?

Kwa hiyo ni Byera anayetakiwa kwenda, na wewe umwendeshe na ufunge mdomo. Nimemwambia kwa simu. Hakukata simu mpaka nikamaliza.

Sista Domitila wa misheni hapa anakuja kusoma huko Washington. Amebeba senene, nimewakausha mwenyewe, wamekaangwa na chumvi na kitunguu. Wako kwenye mkebe wa maziwa. Usianze kuwala Dulles.

Hujaniuliza kuhusu kile chumba, nami sitakuambia. Kikipata mtu atalala, kisipopata kitakauka chokaa. Mtoto akisimama pale mbele, mimi sitamwita arudi.

Dada yako,
Genoveva


Springfield
18 Februari 2007

Dada yangu Genoveva,

Salamu kutoka kwenye theluji. Goti halitabiri tena, limekata tamaa. Ma Leokadia mpe pole ya sikio, na Kaijage mwambie mke anayeendesha pikipiki ni bahati, asishindane naye.

Sista alifika na mkebe mzima. Askari wa Dulles aliufungua, akanusa, akaufunga haraka kwa adabu. Nilikula watatu tu, nilipokuwa nahakikisha.

Byera alikuja Jumapili iliyofuata. Akaketi kiti cha nyuma kama abiria. Kabla ya lolote alikuwa amewaandikia mawakili wa kampuni kuwauliza kama wana pingamizi mashahidi wakipelekewa senene. Wakauliza senene ni nini. Akawaeleza ni panzi wetu wa kukaanga. Wakajibu upesi kwamba hawana pingamizi lolote.

Tulizunguka, dada. Woodbridge, Herndon, Alexandria, hata Maryland kwa yule Mkongo. Mimi nilifunga mdomo, waulize. Kwa Bilha alikaa chini kwenye zulia, akafungua, Bilha akamwangalia yule mdudu na mdudu akamwangalia Bilha. "Wakili, hii inakulwa kweli?" Byera akala mmoja. Bilha akaziba macho akala, halafu akavuta sahani karibu. Waliongea habari za shule za watoto wake na bei ya viatu. Kesi haikutajwa. Wakati wa kutoka, Byera akaweka bahasha juu ya televisheni, akasema, "Asante, mama. Mlinishika." Bilha akamsindikiza mpaka kwenye gari bila koti, na baridi ile. Bi. Mwanamwema yeye aliita majirani wake watatu kwanza, ili apokee mbele za watu kama alivyotoa. Cheruiyot alipokea akicheza, na mguu umepona.

Wote wakathibitisha. Jaji akaridhika, na Bwana Wayne akabaki.

Kwenye gari Byera alikuwa anasoma karatasi zake. Tukitoka nyumba moja tunaingia nyingine, mimi naangalia barabara. Siku ya mwisho, tukiwa tumekwama kule makutano ya Springfield ambapo barabara zote za Amerika zinakutana kugombana, akaniuliza, "Mjomba, kwa nini ulipotea kwenye kipaza sauti siku ile? Bilha ameniambia ulinyamaza." Nikamweleza habari za harusi yako, ule ungo wa kahawa, na baba na kiatu chake chini ya meza. Hakuwahi kumjua babu yake vizuri. Aliniuliza alikuwa na sauti gani. Nikajaribu kumwigiza. Nikashindwa, dada, nikagundua sauti ya baba sinayo tena. Wewe unayo? Kama unayo, niandikie ilikuwaje. Byera akahamia kiti cha mbele, foleni ikiwa imesimama, watu wanapiga honi.

Jumatatu ya kesi ikafika. Mahakama ilijaa watu wetu, sare za kazi kwa suti za kuazima. Bwana Wayne alikaa peke yake pembeni na fimbo yake. Bosi alikaa meza ile ile na Byera, lakini kiti cha pili. Mimi mstari wa nyuma kabisa. Byera alikuwa ameniambia nikitoa hata kikohozi atamwomba jaji anitoe nje.

Jaji akauliza ni nani anayesimama kwa niaba ya wafanyakazi.

Byera akainuka. Akasema, "Byera Kokushubila Rwechungura, mheshimiwa." Mwandishi wa mahakama akainua kichwa kwenye mashine yake, akamwomba arudie. Nilimwona yule bosi anajisogeza kama anataka kumsaidia. Byera hakumtazama. Akarudia majina yote matatu, polepole, hakupunguza hata moja, akangoja mpaka yule mwandishi amalize kuandika.

Kesi itakwenda wiki kadhaa na mimi sijui itaishaje. Lakini siku ile watu wote walinigeukia, Bilha, Cheruiyot, Bi. Mwanamwema, wananiangalia mimi mwenyekiti, wakingoja niseme neno.

Dada, sikusema.

Laurean